Humphrey Bogart: jambazi wa sinema aliyepata tuzo kwa kazi ya mto Ruiki

Kusini mwa Kisangani, upande wa Ubundu katika jimbo la Tshopo, kuna mto Ruiki unaomwaga maji yake katika Lualaba. Mwaka wa 1951, Kisangani ikiwa bado inaitwa Stanleyville na Ubundu Ponthierville, muigizaji wa Marekani Humphrey Bogart alifika kwenye mto huo kwa kazi ya filamu «The African Queen». Alikuwa na miaka 51, na kwa muda mrefu watu walimjua kama jambazi mwenye bastola.

Bogart hakutoka katika ujambazi wala katika umaskini. Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, baba yake akiwa daktari na mama yake mchoraji. Alitumika katika jeshi la majini, kisha akaingia katika michezo ya jukwaani, ambako kwa miaka mingi hakupata jina kubwa.

Mwaka wa 1935 alicheza Duke Mantee, muuaji anayekimbia polisi, katika mchezo «The Petrified Forest». Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuufanya filamu, ilimfikiria Edward G. Robinson kwa nafasi hiyo. Leslie Howard, nyota wa mchezo huo, alikataa: bila Bogart, naye hachezi. Kampuni ikakubali, na filamu ikatoka mwaka wa 1936. Bogart hakusahau wema huo. Alipopata binti mwaka wa 1952, alimwita Leslie.

Lakini mlango uliofunguka ukawa pia kifungo. Kampuni ilimpa ujambazi baada ya ujambazi, tena nyuma ya wakubwa kama James Cagney. Katika «Angels with Dirty Faces» (1938) na «The Roaring Twenties» (1939), Cagney anampiga risasi na kumuua.

Kilichomwokoa ni kazi ambazo wengine walizikataa. George Raft alikataa «High Sierra», kisha akakataa «The Maltese Falcon». Bogart akazichukua zote mbili, nazo zikatoka mwaka wa 1941. John Huston alishiriki kuandika ya kwanza, na ya pili ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza. Mwaka uliofuata ikaja «Casablanca», na jambazi akawa nyota.

Miaka kumi baadaye, Huston huyo huyo ndiye aliyemleta Kongo. Kambi ilijengwa Biondo, kando ya Ruiki. Siafu waliivamia, mashua ilizama ikabidi itolewe majini, na wengi waliugua tumbo kwa sababu ya maji machafu, hata Katharine Hepburn, aliyecheza naye. Bogart na Huston hawakuugua, nao walisema ni kwa sababu walikunywa whisky. Lauren Bacall, mke wa Bogart, alisaidia kazi za kambi. Kutoka hapo walikwenda Uganda, kisha wakamalizia katika studio za London.

Katika filamu hiyo Bogart si jambazi tena. Ni Charlie Allnut, mwenye mashua mlevi, mchafu na mwoga, anayepata ujasiri polepole. Kwa kazi hiyo alipewa Oscar mwaka wa 1952, akimshinda Marlon Brando. Hakupata nyingine. Alifariki kwa kansa tarehe 14 Januari 1957.

Dunia inakumbuka majina ya Bogart, Hepburn na Huston. Wenyeji waliojenga kambi, waliobeba mizigo na kuwaongoza wageni mtoni hawakuandikwa kwenye filamu. Waliokuwa watoto mwaka huo leo ni wazee sana. Mwenye babu au bibi wa upande wa Ruiki na amuulize sasa, kabla habari hiyo haijaenda kaburini pamoja naye.