Theluji ya Kilimanjaro na Wale Walioitelezea

Sisi wa Tarime na Serengeti baridi tuijuayo ni ile ya alfajiri za mwezi wa saba, na barafu tuijuayo ni mvua ya mawe iangushayo mahindi yetu. Hata hivyo nchi yetu inayo theluji, tena inayo historia yake.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja tu: baridi. Huko London, W. D. Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alikanusha kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Wachaga hawakuwa na haja ya ubishi huo. Rebmann alisimuliwa habari za mtawala wa Machame aliyetuma watu kuchunguza kitu kile cheupe. Aliyerudi, alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni, nao katika kushuka wakatumia skii, yaani mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni. Walithubutu mno! Katika milima ya Ulaya, mchezo huo huua kila mwaka. Theluji mpya ikilala juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja watosha kuivunja, na mara nyingi aliyefukiwa ndiye aliyeiporomosha. Asipofukuliwa na wenzake ndani ya robo saa hivi, matumaini hupungua upesi.

Kilimanjaro theluji ni haba, na jua kali huila. Hatari yake imehamia kwenye mawe. Tangu mwaka uleule wa 1912, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu limetoweka, na mawe yaliyoshikwa nayo hulegea. Januari 2006, katika njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena baadaye.

Kwa hiyo kijana wetu atakayepanda kwa njia hiyo na amsikilize mwongozaji anapomwamsha usiku wa manane: sehemu ile hupitwa kabla jua halijaigusa barafu.