Sauti ya Mtunzi Mjini Malvern

Mwezi wa Agosti mwaka 1952, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye umri wa miaka 60, alikuwa mgeni katika nyumba ya rafiki yake mjini Malvern, magharibi ya Uingereza. Profesa huyo ni J. R. R. Tolkien. Riwaya yake ndefu ya kifantasia, The Lord of the Rings, aliianza mwaka 1937 na kuimaliza mwaka 1949; lakini hadi siku hiyo hapakuwa na mchapishaji aliyetia saini mkataba wa kuitoa. Karatasi ilikuwa ghali baada ya vita, na kitabu kilikuwa kirefu kupita kiasi. Kukipunguza, mwenyewe hakutaka. Alikuwa ameanza kukata tamaa.

Mwenyeji wake, George Sayer, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa na mashine ya kunasia sauti kwenye utepe. Tolkien hakuwa amepata kuiona mashine ya namna hiyo. Kwa mzaha alisema yumkini mna shetani ndani yake, akaanza kwa kusoma Sala ya Bwana kwa Kigothi, lugha iliyokwisha kufa, ili amfukuze. Aliposikia sauti yake ikimrudia, alipendezwa, akataka kuendelea. Akasoma mashairi yake, mengine akayaimba. Akasoma mashindano ya vitendawili baina ya Bilbo na Gollum katika The Hobbit, kisha sehemu za riwaya ile iliyokosa mchapishaji. Kwa mujibu wa Sayer, kila alivyozidi kurekodi ndivyo imani yake katika kazi yake ilivyozidi kurejea.

Jambo hilo si la kustaajabisha. Riwaya ile ilisikiwa kabla ya kusomwa: kwa miaka mingi Tolkien aliwasomea marafiki zake sura baada ya sura, aghalabu katika vyumba vya C. S. Lewis, Magdalen College. Aidha, yeye alikuwa mwanafilolojia aliyebuni lugha kamili, na majina ya watu na milima yake yalitoka katika sauti za lugha hizo. Na kitendawili nacho ni mali ya sikio. Mswahili anajua kwamba hakitegwi mpaka msikilizaji aitikie “tega”.

Wapo wanaodai kuwa kusikiliza kitabu si kukisoma, ni uvivu wa zama hizi. Historia inawakanusha. Vitabu vya sauti vya Uingereza vilianza mwaka 1935 kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilikuwa santuri zilizozunguka polepole, kila upande ukichukua takriban dakika 25. Kwa wasikilizaji wale, sikio ndilo lililokuwa mlango wa maktaba.

Ni kweli kwamba msikilizaji hupungukiwa. Ramani haioni, kurejea ukurasa uliopita kunamtaabisha, na sauti ya msomaji humtangulia katika kuwapa wahusika tabia. Lakini naye msomaji wa macho hupungukiwa: makumi ya nyimbo yaliyomo katika riwaya hiyo huyaruka kwa haraka ya kutaka kujua kisa kinakwendaje. Rob Inglis, mwigizaji aliyeirekodi riwaya nzima mwaka 1990, aliziimba nyimbo hizo. Na Andy Serkis, aliyekuwa Gollum katika filamu, akaisoma upya katika rekodi iliyotoka mwaka 2021. Anayewasikiliza hawa hupokea wimbo mahali pake, kama mtunzi alivyoukusudia.

Mkataba ulipatikana mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1952, na riwaya ikatoka kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955. Tolkien alifariki mwaka 1973. Miaka miwili baadaye, kampuni ya Caedmon ilizitoa rekodi za Malvern katika santuri, na mamilioni waliokwisha kukisoma kitabu wakapata kumsikia mwenyewe. Wengi wao walidhani wanamsikia bingwa mwenye sifa duniani. Kumbe waliyemsikia ni mtu aliyekuwa akijisomea kitabu ambacho bado hakikuwa na mwenyewe wa kukichapa.