Safu ya lugha: Kigango

Padri anapotangaza ndoa kwa Wakatoliki wa Kamuli, wilayani Kyerwa, hutaja parokia, kigango na jumuiya ya bwana na bibi arusi, ili mwenye kujua kizuizi cha ndoa amtambue anayesemwa.

Kigango hapa ni tawi la parokia. Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, kigango ni mti uliochongwa kumkumbuka marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye hadhi na mali. Huku neno humtambulisha anayeoa; kule hutangaza uanachama wa aliyekufa. Ukialika arusini wageni Wagiriama wa Kilifi, andika “kigango cha parokia”, wasije na rambirambi.