Sikio la Fundi: Historia Fupi ya Kompyuta Kuukuu Katika Bonde la Lambwe

Bonde la Lambwe, linalopakana na ukingo wa Kanyamwa upande wa kusini-mashariki na vilima vya Ruri upande wa kaskazini, limeandikwa zaidi kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale, na kwa sababu ya hifadhi ya wanyama iliyotengwa mwaka 1966 ambayo mwaka 1983 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Historia ya mashine zake imeguswa kwa nadra, ingawa ufundi wa kutambua ubovu kwa sikio ulitangulia kompyuta kwa miaka mingi: katika Nyanza, kama kwingineko nchini, injini za dizeli za kusaga posho ziliwafunza mafundi kugusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na kuweka mpini sikioni.

Kompyuta za mezani zilifika vijijini, kwa sehemu kubwa, zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikusanya mashine za msaada, likazikarabati na kuzigawa shuleni. Nayo Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini. Kwa hiyo mashine nyingi zilichomekwa ukutani kwa mara ya kwanza vijijini zikiwa tayari na umri wa kuanza kupiga mlio.

Mlio wenyewe una vyanzo vitatu vikuu, na kuvichanganya ndiko kulikowafanya watu watupe mashine nzima. Feni hulia mafuta ya beringi, yaani kishikizo kinachobeba ekseli inayozunguka, yanapokauka. Katika Lambwe vumbi la kiangazi hunata kwenye mapanga yake na kuyaondolea ulinganifu, na fundi humtambua mkosaji kwa kuisimamisha feni kwa sekunde chache huku akisikiliza kama sauti inakoma. Diski ngumu, ambayo ni sahani ya sumaku inayotunza kumbukumbu, katika kompyuta nyingi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na zile za kale zilizobebwa na gololi zilipiga mluzi kadiri gololi zilivyolika; mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji walihamia beringi za mafuta, ambazo ni tulivu zaidi. Mluzi huo ni dalili mbaya kuliko wa feni, na fundi mwenye busara hunakili mafaili kwanza, kisha hufungua mashine. Chanzo cha tatu ni koili, yaani waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku, ambacho hutetemeka umeme unapopita. Umeme wa Kenya ukiwa wa mizunguko 50 kwa sekunde, transfoma ya stebilaiza, yaani kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, huvuma kwa mitetemo 100 kwa sekunde, miwili kwa kila mzunguko, na kompyuta isiyo na hatia hulaumiwa kwa mvumo huo.

Kuanzia mwaka 2016 serikali iligawa vishikwambi kwa shule za msingi, vifaa visivyo na feni wala diski inayozunguka, na mafundi nao wakazoea kubadilisha diski ngumu kwa zile za chipu zisizo na sehemu inayosogea. Diski ya chipu huweza kufa ghafla bila kutoa mlio wowote, na hivyo kunakili mafaili, ambako zamani kulisubiri mluzi, sasa hakuna budi kufanywe mara kwa mara, kifaa kikiwa kizima.