Nyumba Zetu Ndani ya Riwaya

Mtu akitaka kujua jinsi nyumba zetu zilivyobadilika tangu uhuru, asianze na hotuba wala taarifa za serikali. Aanze na riwaya. Nasema hivi baada ya kufundisha Kiswahili na kuongoza shule kwa miaka mingi. Sasa nimetulia hapa Ruhuwiko, karibu na uwanja wa ndege, na kabati langu la vitabu hufunguliwa na watoto wa jirani kuliko wajukuu wangu mwenyewe.

Wapo wazee wenzangu wanaolalamika kuwa riwaya za siku hizi ni mapenzi na talaka tupu, na kwamba waandishi wa zamani walifundisha maadili. Sikubaliani nao. Muhammad Saleh Farsy alipotoa Kurwa na Doto mwaka 1960, alikuwa akisimulia habari za wasichana mapacha wa kijiji cha Unguja, na uchumba na arusi vimo humo tele. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, kweli alihubiri utu, nami namheshimu kama ninavyowaheshimu walimu wangu. Lakini majina yenyewe ya watu wake, Adili na Utubora, hukuambia wao ni nani kabla hawajatenda lolote. Nyumba za namna hiyo ni za mfano. Mimi sijapata kuishi katika nyumba kama hizo, wala wewe msomaji, nadhani.

Nyumba ya kweli, yenye harufu ya pombe na kilio cha mtoto, ilituingilia kwa nguvu mwaka 1971. Mwaka huo yalitokea mambo mawili ambayo ni vema kuyatazama pamoja. La kwanza ni Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika Tanzania Bara. Iliziweka ndoa za dini, za mila na za serikali chini ya sheria moja, ikataka hiari ya wote wawili, ikasema mume hana haki ya kumpiga mkewe. Hata hivyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afike 18. Ilipita karibu nusu karne kabla ya Mahakama Kuu, mwaka 2016, na kisha Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, kusema kuwa jambo hilo linapingana na Katiba.

La pili ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliitoa akiwa kijana wa miaka 27 tu. Mimi nilikuwa karibu kuingia chuo cha ualimu, na nilipofika huko nilikikuta kitabu hicho kikipita mkono kwa mkono, kimevikwa jalada la gazeti. Kwa muda kilizuiwa kusomwa shuleni. Miaka ya baadaye kikaingia darasani, na wale waliokisoma kwa kujificha ndio waliotakiwa kukifundisha.

Siku moja, nikiwa mkuu wa shule, mzazi mmoja aliingia ofisini akiwa amekishika kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia. "Mwalimu," akasema, "hiki kinawafundisha mabinti uhuni." Nikamkaribisha kiti. Nikamwuliza, "Mzee wangu, uharibifu wa Rosa umeanzia ukurasa gani?" Akafunua katikati, pale msichana anapokuwa mbali na kwao, mikononi mwa wanaume. Nikamrudisha mwanzoni, kwa Zakaria, baba mlevi, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole. Alipomaliza hakusema kuwa ameridhika. Aliniuliza tu kama binti yake alikuwa amekwisha kukisoma chote, nami nikamjibu kuwa amekisoma. Kitabu kilibaki maktabani.

Jambo lenyewe halikuwa mzaha. Katika miaka hiyo msichana aliyepata mimba aliondolewa shule, na kwa kawaida aliyempa mimba hakujulikana au hakutajwa. Ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kuwa wasichana hao wangeruhusiwa kurudi darasani. Kezilahabi alikuwa amefariki Januari 2020. Riwaya yake ilikuwa imeuliza swali hilo miaka 50 kabla: baba yuko wapi katika habari hii?

Wengine waliendelea kuuliza. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, alionyesha binti asiyetakiwa na babake, na jinsi shamba na urithi vinavyoweza kuua undugu. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimtoa Tamima nyumbani kwa talaka ya Bwana Maksuudi, na binti yao Maimuna akapotelea mjini. Huo ni ulimwengu wa Zanzibar, lakini huku Bara nako mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, lakini waliomfuata walifaidika.)

Kwa hizi za karibuni sina maneno mengi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, naiweka juu, kwa kuwa Yasmin, aliyeozwa kwa mzee, anajichagulia njia na analipa gharama yake. Mfadhili ya Hussein Tuwa niliona vijana wakiimaliza kwa siku mbili. Hadithi za mfululizo za magazetini huniudhi kwa jambo moja: watu wanapendana na kuachana, na hakuna anayenunua unga wala kulipa ada.

Ninachokitamani ni riwaya ya kwetu. Wakati wa ukoloni wanaume wa Ungoni walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawaacha wake zao na majembe na watoto. Wengine walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi. Wazee walitusimulia kuwa barua ilipofika, mke asiyejua kusoma aliipeleka kwa mwalimu wa shule ya misheni, naye alimsomea kwa sauti, hata yale ambayo mume aliyakusudia masikio ya mkewe peke yake. Mwalimu huyo alijua ni nani aliyeoa tena huko Tanga kabla mke hajajua, na ilimbidi aamue, karatasi ikiwa mkononi, kama ataisoma sentensi hiyo au ataipita.