Stuhlmann, Franz

Franz Stuhlmann (29 Oktoba 1863 – 19 Novemba 1928) alikuwa mwanazuolojia na mpelelezi Mjerumani aliyechunguza viumbe wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, na mwasisi wa Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam.

Alizaliwa Hamburg na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1886. Mwaka 1888 alifika Unguja, akakusanya kaa, konokono, minyoo na matumbawe kwenye miamba inayobaki wazi maji yakupwapo. Sampuli zake zilipelekwa Ujerumani, ambako wataalamu walizitumia kuainisha spishi mpya. Mwaka 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara wa mpelelezi Emin Pasha kuelekea maziwa makuu, na mwaka 1891 akapanda milima ya Ruwenzori hadi takriban mita 4,000. Maelezo ya safari hiyo aliyachapisha kama kitabu mwaka 1894.

Akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alisimamia idara ya kilimo. Bustani ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1893, ilikuwa shamba la majaribio ya mazao ya biashara. Leo ipo katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa. Baadaye aliongoza taasisi ya utafiti ya Amani, milimani Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902, hadi 1908. Alifariki Hamburg.

Jina lake limebaki katika majina ya kisayansi ya wanyama, wakiwemo kima *Cercopithecus mitis stuhlmanni* na fuko *Chrysochloris stuhlmanni*.