Chumvi Iliyotupwa: Potasi na Viazisukari katika Ujerumani ya Karne ya 19

Kwetu Uganda, sukari ikitajwa tunafikiria miwa ya Kakira na Lugazi. Ulaya ya kaskazini haina joto la kutosha kukuza miwa, kwa hiyo sukari yake hutoka katika kiazisukari, mmea unaohifadhi sukari ndani ya mzizi. Insha hii inaeleza jinsi mbolea ya potasi ilivyoingia katika kilimo hicho huko Ujerumani, na kwa nini haikutimiza yote yaliyotarajiwa.

Mwaka 1747 mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alionyesha kwamba sukari ya mzizi huo ni sawa na ya muwa. Mwanafunzi wake, Franz Carl Achard, alijenga kiwanda huko Cunern, Silesia, kilichoanza kazi mwaka 1802. Kufikia katikati ya karne, viazisukari vilikuwa vimeenea katika mashamba ya Magdeburg. Kwa kuwa zao lilileta fedha, wakulima wengi walilirudia mara kwa mara katika shamba lilelile. Baadaye mavuno yakapungua, wakasema ardhi imechoka.

Maelezo yalikuwa tayari. Mwaka 1840 Justus von Liebig alikuwa ameandika kwamba mimea hula madini ya udongo, na kila mavuno huyaondoa shambani. Kiazisukari hutumia potasi nyingi. Basi ilidhaniwa kwamba potasi ndiyo iliyokwisha.

Huko Stassfurt kulikuwa na mgodi wa chumvi. Juu ya chumvi ya mawe palikuwa na tabaka la chumvi chungu, ambayo wachimbaji waliitupa. Adolph Frank, mkemia wa kiwanda cha sukari mjini humo, alitambua thamani ya potasi iliyokuwamo, na mwaka 1861 akaanzisha kiwanda cha kuitengeneza. Takataka ikawa mali: hadi vita vya 1914 Ujerumani ilikuwa karibu peke yake katika kuiuzia dunia potasi.

Hata hivyo, mashamba mengine yaliyopewa mbolea hayakupona. Mwaka 1859 Hermann Schacht alikuwa ameona minyoo midogo sana kwenye mizizi ya viazisukari. Katika miaka ya 1870 Julius Kühn wa Halle alionyesha kwamba minyoo hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha uchovu wa ardhi. Huongezeka zao linaporudiwa, na potasi haiiui. Ilibidi wakulima wabadilishe mazao.

Je, potasi haikuwa na faida? Ilikuwa nayo. Husaidia kupeleka sukari kutoka majani hadi mzizini. Ikikosekana, kingo za majani hukauka na mzizi hudumaa. Lakini ikizidi, hubaki mzizini na kuingia kiwandani, ambako huzuia sehemu ya sukari isigande kuwa chembe. Sukari hiyo huishia katika molasi. Ndiyo maana viwanda vya kisasa hupima pia potasiamu, sodiamu na nitrojeni ya viazi vinavyoletwa, siyo uzito na sukari pekee.

Kwa kumalizia, Frank aliwapa wakulima chakula cha mmea, nao wakakichukua kama dawa ya ugonjwa. Mavuno yanapopungua, kabla ya kununua gunia jingine la mbolea, inafaa kwanza kung'oa mmea na kuchunguza mizizi yake.